Jeshi la Waliooshwa

Alunguli, Kindu, 9 Novemba 2002

Mdogo wangu Djamali, uliye Goma,

Nakusalimu, Babu anakusalimu, na binti yangu Jamila angekusalimu kama angejua kusema. Ameota meno mawili na anamng'ata kila anayembeba. Ulafi huo hakuutoa kwangu, namtazama mjomba wake. Sisi tuko hai. Mji bado umezingirwa, mashambani hakuendeki, na mchele ukionekana sokoni watu wanaushika, wanaunusa, kisha wanaurudisha kwa ajili ya bei. Tunakula sombe, majani matupu ya muhogo, bila mafuta na bila chumvi. Wewe kula chako huko, lakini ukila unikumbuke.

Barua hii nampa Franck anayepakia mizigo kwenye ndege. Akiipoteza nitamfuata nyumbani kwake, na anajua.

Sasa jambo lenyewe. Uliondoka bila kumuaga Babu. Nakuandikia mimi kwa sababu yeye hataki kulisema. Asubuhi ile walipoonekana wale watu wawili waliouawa kando ya barabara ya Kalima, alikwenda kuwachukua na kigari chake kama kawaida, akawaleta uani, akatenga maji, akakuita. Alidhani umekwenda chooni. Akangoja mpaka maji yakapoa.

Unajua mwenyewe kwamba hapa hakuna anayethubutu kugusa maiti wa barabarani. Ukimwokota huyu, askari watasema wewe ni wa msituni. Ukimwokota yule, watu wa msituni watasema wewe ni wa askari. Babu peke yake ndiye anayewaleta, anawaosha na kuwavika sanda, ambayo siku hizi ni mashuka yetu ya kitanda, Mwislamu na Mkristo sawasawa. Na wewe ndiye uliyekuwa ukimmiminia maji. Tangu uondoke anamimina kwa mkono mmoja na kuosha kwa mwingine. Nilitaka kumsaidia akanikataza, kwa kuwa ni maiti wa kiume.

Sikulaumu. Hapana, nasema uongo, nakulaumu sana. Wewe ni mtu mzima sasa, ungeweza kumpa mzee mkono. Nilimwuliza nikuandikie nini kwa niaba yake, akasema: «Mwambie mi sina hasira naye. Ila siku yangu ikifika, Djamali njo ataniosha. Mukono yake iko mwepesi.»

Nijibu hilo. Mengine yote unaweza kuyaacha.

Dada yako Mounira


Goma, 2 Januari 2003

Yaya Mounira, dada niliyemfuata kuzaliwa,

Salaam aleikum. Franck hakuipoteza, kwa hiyo mwache alale kwa amani. Mimi mzima. Mji huu una mawe meusi ya volkano mpaka mlangoni, viatu vyangu vimekwisha. Mjomba Soudi amenipa mahali pa kulala nyuma ya duka lake na ananikumbusha kila siku kwamba amenipa. Mbusu Jamila, lakini kwa mbali, kwa ajili ya yale meno.

Nimepata kazi kwenye nyumba ya video. Nasimama kando ya televisheni na kuwafasiria watu filamu kwa Kiswahili. Kichina sikijui, Kihindi sikijui, basi natunga mwenyewe. Watu wanataka vita tu, na vita visipokuwapo mimi nawatilia. Mwenye nyumba anasema tangu nianze wengine wanakosa pa kukaa.

Kuhusu Babu, mwambie sawa. Siku hiyo nitakuja.

Wateja wameanza kuingia, naishia hapa.

Djamali


Bruxelles, 3 Februari 2024

Yaya Mounira,

Salaam aleikum, wewe na Babu na Jamila na mume wake na wote wa Alunguli. Hapa baridi inauma mifupa. Mke wangu Claire anawasalimu. Anajifunza kupika sombe kwa kutazama video, na mimi naila kimya. Telefoni yako haipatikani kila nikipiga, ndiyo maana narudia karatasi kama zamani. Barua hii na kifurushi vinakuja na Nicole, binti wa Kindu anayerudi nyumbani kuwaona wazazi wake.

Mle ndani kuna filamu yangu, kwenye ile flashi nyeusi. Yaya, siwezi kukueleza. Imetoka Desemba, na sasa ni wiki ya saba inaongoza. Paris, Bruxelles, Abidjan, Kinshasa, kote watu wanapanga foleni mpaka barabarani. Majumba ya sinema yaliyotaka kuionyesha kwa wiki mbili yameongeza, yakaongeza tena. Watu wameniambia hakuna filamu ya mtu wa kwetu iliyowahi kujaza viti namna hii. Mtoto aliyefasiria Kichina cha kubuni pale Goma!

Inaitwa *Jeshi la Waliooshwa*. Ni habari za Maniema ya zamani, wakati wa misafara ya watumwa, lakini ni za kubuni, kuna uchawi na vita vikubwa. Mzee mmoja anapita kwenye vijiji vilivyochomwa, anawakusanya waliouawa, anawaosha kwa maji ya mto. Kisha anawasomea kama tunavyosoma talkini kaburini, tukimwita maiti kwa jina la mama yake. Kwa kuwa hajui majina ya mama zao, anawaita wote kwa mama wa kwanza: «Ewe mwana wa Hawa!» Na wanaamka. Wanaamka na mapanga mikononi wanakwenda kuwachinja waliowachinja. Hapo ukumbi wote unasimama. Wazungu, Yaya, Wazungu wanapaza sauti «Mwana wa Hawa» kwa Kiswahili! Wameyaandika kwenye fulana.

Yule mzee nimempa jina lake Babu, Bulaimu. Nimetaka dunia nzima imjue Babu yetu. Mwonyesheni, kisha uniandikie alivyosema. Nataka maneno yake hasa, usiyapambe.

Wenu Djamali


Alunguli, 20 Machi 2024

Mdogo wangu Djamali,

Aleikum salaam. Nicole amefika salama, na shali uliyonitumia nimeifunga, inawasha. Jamila ana mimba, ni ya pili, anatapika kila anaponusa mafuta ya mawese, na mimi ndiyo biashara yangu, basi amehamia kwa mama mkwe wake. Mto umejaa, pirogi zinavuka kwa shida, na jana gunia langu la mchele limelowa lote. Mwaka huu tutakula mchele wenye harufu.

Telefoni yangu ni nzima. Mimi ndiye nisiyetaka kuishika.

Umetaka maneno ya Babu. Haya. Jamila alileta kompyuta ya mume wake, tukaiweka juu ya meza uani, majirani wakaja, na Okito yule Mkatoliki wa nyumba ya tatu alikuja na kiti chake. Tulimweka Babu mbele kwa sababu ya macho yake. Wakati wa kuchinjana watu walipiga kelele, hata mimi nilipiga, sikatai, umeitengeneza vizuri mno. Babu alitazama mpaka mwisho, mpaka majina yalipoanza kupanda. Kisha akauliza: «Hawa wote wenye walikufa mwishoni, nani aliwaosha?»

Jamila akamwambia: «Babu, ni filme, hawakukufa.»

«Najua iko filme. Nauliza nani aliwaosha.»

Kisha akaomba apelekwe ndani.

Haya, hayo ni ya Babu. Sasa nisikilize mimi. Filamu yako imejaa mjini. Mtu ameinakili, sijui nani, na kila nyumba ya video ya Kasuku na Mikelenge inaionyesha, vijana wanairudia kama sala. Wameanza kumwita Babu «Jemadari». Wanasimama mlangoni wakimwomba awaamshie mtu. Mwanzoni tulicheka. Kisha akafa mama mmoja ng'ambo, nikaitwa kumwosha kama ninavyoitwa siku zote, na nilipofika mwanawe akanizuia mlangoni. Kwa adabu, akanipa hata soda. Akasema: «Mama Mounira, samahani, familia haitaki watu wa kwenu. Wanasema ile maneno ya filme mulitoa kwenu.» Nilirudi na soda yangu mkononi. Watu waliokuwa wakituamini kuwagusia mama zao, Djamali!

Hukusema katika filamu kwamba wale watu wa kweli walilala kimya mashimoni walimowekwa. Hukusema kwamba Babu aliwalilia. Umemtia panga mkononi mtu ambaye hakuwahi kumpiga hata mbuzi.

Babu anakohoa kidogo, ni mvua hizi. Anauliza unakuja lini.

Mounira


Bruxelles, 30 Aprili 2024

Yaya Mounira,

Salaam. Mpe Jamila pole, mwambie alambe limau. Claire anakusalimu na anasema shali inapaswa kufuliwa kwanza. Hapa miti imeanza kuota majani.

Barua yako niliisoma nikaiweka, nikaisoma tena. Mwanzoni nilikasirika. Nilitaka kukuandikia kwamba hadithi ni hadithi, kwamba hapa nimepewa tuzo kwa sababu hiyohiyo, kwamba kinachosumbua Kindu ni ujinga wa vijana na si mimi. Niliandika yote hayo, nikachana.

Nitakwambia kitu ambacho hata Claire hajui. Wale watu nilikuwa nikiwamiminia maji. Babu alikuwa akiwashika vichwa kama unavyomshika mtoto unapomwogesha, na mimi namimina, na kila mmoja nilikuwa najiambia: huyu sasa atafumbua macho, maji ni ya baridi, hawezi kuvumilia. Hakuna aliyefumbua. Asubuhi ile ya wale wawili, mmoja nilimjua. Alikuwa Bienfait, mdogo wake Okito, tuliyecheza naye mpira. Sikwenda chooni, Yaya. Nilimwona juu ya kigari, nikapita nyuma ya nyumba, nikavuka mto mpaka uwanja wa ndege.

Tangu hapo naota wanaamka. Kila mwaka, popote ninapolala. Nilichotia kwenye filamu ni hicho tu. Wakubwa wa kampuni walitaka panga na damu, nikawapa, lakini kuamka kwao ni kwangu. Watu wakisimama ukumbini kushangilia, wao wanashangilia kisasi, mimi nashangilia kwamba Bienfait amefumbua macho.

Sasa tunapiga picha za sehemu ya pili, nimefungwa na mkataba mpaka mwisho wa Julai. Nitakuja Agosti. Agosti bila kukosa. Mwambie Babu.

Djamali


Alunguli, 5 Juni 2024

Mdogo wangu,

Nakusalimu kwa moyo mwepesi kuliko mara iliyopita. Jamila limau limemsaidia. Mto umeshuka. Nimerudi sokoni.

Barua yako nimemsomea Babu yote. Nilipofika kwa Bienfait Babu akanishika mkono, maana alijua. Amejua siku zote kwa nini ulikimbia. Mimi ndiye nisiyejua, miaka yote hii nakuita mvivu na mwoga mbele ya watu. Nisamehe.

Amesema nikuandikie hivi: «Mi pia naonaka wale watu mu ndoto. Ila kwangu hawaamukake, wanalala tu. Mwambie akuje, atalala hapa pembeni yangu.»

Agosti ni vizuri. Ukipata njia ya kuja kabla ya hapo, njoo. Ukikosa, Agosti ni vizuri.

Babu hajambo.

Mounira


Bruxelles, 12 Julai 2024

Yaya Mounira,

Sina salamu ya kuandika. Binamu yetu Sumaili alinipigia Ijumaa iliyopita nikiwa jukwaani, tulikuwa tukipewa tuzo ya filamu iliyotazamwa zaidi, telefoni ilitetemeka mfukoni nikaizima. Niliifungua baada ya chakula. Babu alikuwa tayari kaburini. Nilikuwa nimevaa tai.

Uliandika anakohoa kidogo. Uliandika hajambo. Kwa nini, Yaya? Ungeniandikia neno moja tu, anakufa, ningeacha mkataba, ningeacha kila kitu. Najiambia hivyo. Kisha najiuliza kama ni kweli, na hapo ndipo ninaposhindwa kulala, kwa sababu nilipomsikia Sumaili, kabla ya kulia, kuna kitu ndani yangu kilipumua. Kilisema: sasa hutalazimika kumgusa. Nimekuandikia hili ili usinihurumie.

Hitima msome kwa niaba yangu pia. Niambie jambo moja, hata ukiwa umeapa kutoniandikia tena. Nani alimwosha?

Djamali


Alunguli, 9 Agosti 2024

Ndugu yangu Djamali,

Sikuapa. Nilikuwa nakaa matanga, kisha Jamila akajifungua kabla ya siku zake, mtoto wa kiume, mdogo lakini ana sauti. Ukweni walisita juu ya jina. Wanasema Bulaimu siku hizi ni jina la filamu. Nimewaacha wafikiri, sina nguvu za kugombana.

Umeniuliza kwa nini sikukuambia. Alinikataza. Alisema: «Usimwandikie kama nakufa. Akuje juu ya kupenda, asikuje juu ya kuogopa.» Nami nikamtii, maana nilimtii siku zote. Sasa kila asubuhi nasema ningemwasi. Mara moja tu katika maisha yangu, kwa jambo hilo tu. Alikutazamia, Djamali. Kila motoka iliyosimama barabarani aliinua kichwa. Siwezi kukuficha hilo, ingawa nilikusudia kukuficha.

Alioshwa na Sumaili na shehe. Walikosa mtu wa kumimina. Okito alikuwa amesimama uani na ndoo mkononi, ameshaijaza maji, hakuna aliyemwomba. Akasema: «Huyu mzee aliosha Bienfait wakati mimi ndugu yake nilijificha. Muache nilete maji.» Watu wakanung'unika kwamba si Mwislamu. Shehe akafikiri, akasema aifikishe mlangoni, wao wataipokea. Basi Okito akaenda kisimani na kurudi, akaenda na kurudi, kila ndoo akaifikisha mlangoni, na kila mara alifuta machozi kwa bega kwa kuwa mikono ilikuwa imeshika. Mahali pako palikuwa na mtu. Nilitaka ujue hivyo, sikusema ili kukuumiza.

Sasa ya makaburini. Habari zilienea kwamba Bulaimu wa filamu amekufa, na anazikwa saa kumi. Wakaja vijana. Si wachache, walijaa ukingo wote wa barabara, wengine juu ya pikipiki, na telefoni zao juu. Sisi wanawake hatuingii makaburini, nilisimama pale pale barabarani katikati yao na kanga yangu kichwani, hakuna aliyenijua. Mmoja wao, aliyevaa ile fulana yenu, alimwambia mwenzake: «Ngoja wasome talkini. Hapo njo ataamuka.» Hakuwa anadhihaki. Nilitaka kumzaba kofi, mkono ukakataa.

Wanaume wakafukia kaburi. Shehe akakaa chini upande wa kichwa, vijana wakazima hata pikipiki. Sauti yake ikafika mpaka barabarani: «Ewe Bulaimu, mwana wa Safi.» Jina la mama yake Babu, ambalo sikuwa nimelisikia tangu nikiwa msichana. Vijana wote wakasimama kwa vidole vya miguu. Nikaona mikono yao na telefoni zao, na udongo ule mpya, na nikakuchukia, mdogo wangu, nikakuchukia kwa moyo wote kwa sababu umemgeuza mzee yule kuwa tamasha siku yake ya kuzikwa.

Shehe akamaliza. Akakung'uta kanzu. Wanaume wetu wakaanza kuondoka. Vijana walibaki, wakashusha mikono kidogo kidogo, wakatazamana kama watu waliodanganywa, mmoja mmoja wakaondoka. Yule wa fulana alikuwa wa mwisho. Aliponiona nalia akasema: «Pole, mama, hakuamuka.» Akaenda zake.

Nilibaki peke yangu pale, jua likiwaka bado. Naosha maiti tangu nilipoolewa, Djamali, hakuna anayejua kuliko mimi kwamba mtu akienda amekwenda. Lakini sikuondoka. Nilisimama nikitazama ule udongo, na nikuambie kweli, nami pia nilikuwa nangoja.

Mounira